Maji ya Aliye Safarini

16 Julai

Daraja la kwanza. Naandika tena ili niamini: daraja la kwanza, kidato cha sita. Baba mdogo Eliya ndiye aliyeleta habari, akipiga honi ya pikipiki tangu kwenye reli mpaka watu wakadhani kuna harusi. Mama alikaa chini hapohapo alipokuwa, kwenye majivu, na khanga yake safi. Bibi Recheli akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima boga, akasema, "Baba yako akirudi atachinja." Nikaitikia amina, maana siku kama ya leo huwezi kubishana na mtu.

Jioni nikaenda kisimani kama kawaida. Wa daraja la kwanza naye anateka maji.

19 Julai

Nataka niandike kuhusu ndoo ya nne, kwa sababu nikiisema kwa mdomo naambiwa sina adabu.

Kila jioni nateka ndoo nne. Mbili za mama, moja ya Bibi, na ya nne ni ya baba. Baba hayupo. Aliondoka nikiwa darasa la tano, akaingia pori la kusini na warina asali wenzake. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Walisema waliachana naye njiani akiwa mzima, kaelekea Chunya kwenye dhahabu. Tangu hapo hakuna simu, hakuna salamu, hakuna hata uongo wa mtu kwamba kamwona mahali.

Kwa Bibi hilo si neno la kufa. Ukoo wetu ulikuwa wa wapagazi, na njia yao ya kwenda pwani inapita palepale kwenye shamba letu la bondeni. Walikuwa wanakaa huko miaka na miaka, na wengine walirudi wakakuta watoto wao wana ndevu. Kwa hiyo kwetu aliye safarini haliliwi, mpaka aje mtu aseme nimemzika kwa mikono yangu hii. Na kwa kuwa mpagazi akifika huoga kwanza ndipo asalimie watu, maji yake huwekwa nyuma ya nyumba kila jioni. Asubuhi Bibi anayamwaga kwenye mchicha, jioni anataka mengine.

Mchicha wa baba unapendeza kuliko sisi wote. Nami shingo inaniuma.

23 Julai

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya ugali.

3 Agosti

Tabora mjini, kwa Shamila. Tulisoma naye dawati moja miaka miwili. Mjomba wake, Mzee Abasi, ana duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko, na mwezi huu duka limejaa watoto wa watu wanaoomba vyuo. Shamila ndiye anayewajazia. Anaongea na kompyuta kama anavyoongea na mbuzi wa kwao, "Haya twende, twende, we vipi?"

Mimi nimeomba vitatu, vyote vya serikali. Mbeya udaktari, Dodoma ualimu wa sayansi, Morogoro misitu na nyuki. Hicho cha Morogoro nilikijaza ili nafasi isibaki wazi. Shamila akanicheka, "Baba yako asali, na wewe asali?" Kisha akashika mdomo. Nikamwambia asijali, wala haikuniuma. Ilikuwa kweli haikuniuma, na hilo ndilo lililonishangaza.

11 Agosti

Kanisani. Baba mdogo Eliya kaimba peke yake, sauti ile ya chini, wamama wakapepea leso. Nauli yangu ya Tabora kalipa yeye, vifurushi vya simu yeye. Nimemwambia mama kwamba kama baba angekuwa na nusu ya akili ya mdogo wake, tusingekuwa hapa. Mama akasema, "Levina, menya muhogo."

27 Agosti

Moto wa porini upande wa kusini, moshi siku nzima. Kisima kimeshuka, kamba tumeiunga na kitambaa. Ndoo nne.

4 Septemba

Vyote vitatu! Vyote vimenikubali! Shamila kapiga simu akipiga kelele hata sikuelewa neno. Natakiwa nithibitishe kimoja tu kabla ya tarehe 21, na kuna karatasi za misaada, kila chuo kivyake. Kesho nazifuata.

6 Septemba

Leo nimewaeleza nyumbani. Karatasi hazina maana kwa Bibi, basi nikachukua ungo na karanga. Nikapanga mafungu matatu sawasawa, nikasema kila fungu ni chuo kimoja, na hizi karanga ndizo gharama zote. Ninazoziondoa analipa mwingine. Zinazobaki tunalipa sisi.

Mbeya. Udaktari, miaka mitano. Chuo chenyewe hakina cha kutupa, kuna mkopo wa serikali tu, na Shamila kawauliza waliotangulia, wanasema hata ukipewa nyingi bado ni sehemu tu. Nikaondoa kidogo. Lililobaki lilikuwa fungu zima bado. Mama akalitazama akageuza uso. Hapo udaktari wangu uliishia, juu ya ungo, na wala sikulia. Nimelia baadaye, chooni.

Dodoma. Wasichana wa sayansi wanapunguziwa nusu ya ada, na chumba mwaka wa kwanza bure. Ongeza mkopo. Zikabaki karanga za kujaza kiganja. Mama akasema haraka, kama mtu aliyekwisha kulala na hilo neno, "Tuuze maksai."

"Shemeji," Baba mdogo Eliya akasema, "mkiuza maksai mtalima na nini? Na meno?"

"Tutalima kwa mkono. Nimelima kwa mkono kabla sijaolewa."

Morogoro. Kuna mfuko wa wafadhili, na umenichagua kwa matokeo yangu. Unalipa ada, chumba, chakula, vitabu, mpaka nauli ya treni. Nikaondoa moja moja mpaka ungo ukabaki mweupe. Baba mdogo akapiga paja, "Sasa hapo kuna mjadala gani?"

Bibi akausogeza ungo karibu. Akauliza, "Hao wa mwisho wametupendea nini?"

Nikajibu kwa sauti ndogo. "Ni kwa ajili ya wasichana waliofiwa na baba, Bibi. Wanataka cheti cha kifo, kabla ya Oktoba kwisha."

Bibi akachukua karanga moja ya Morogoro, akaimenya, akaitafuna taratibu kwa upande wenye meno.

"Basi si sisi," akasema. Akanyanyuka akaenda kwenye mchicha wake.

7 Septemba

Nimerudia hesabu zote. Majibu yaleyale. Baba akiwa hai napata nusu. Baba akiwa amekufa napata chote. Na kwa namna alivyo sasa hivi, si hai wala mfu, ananigharimu ndoo moja kila siku.

9 Septemba

Baba mdogo kanipeleka kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Dionis. Shikamoo, marahaba, tukaketi kwenye benchi. Ni mtu mpole, anaongea akisugua miwani.

"Sheria ipo," akasema. "Mtu akipotea zaidi ya miaka mitano, bila habari kwa watu ambao wangepaswa kuzipata, mahakama inaweza kumhesabu amekufa. Mimi natakiwa niandike barua tu, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo."

"Basi andika, Mtendaji," Baba mdogo akasema.

"Niandike nini? Kwamba ukoo umekata tamaa? Mama yake mzazi anamwekea maji ya kuoga kila siku, kijiji kizima kinajua. Hakimu akinitaka niape, niape nini?" Akanigeukia mimi. "Zungumzeni na bibi, binti yangu. Mkae matanga, watu waone. Siku hiyohiyo barua unayo."

Njiani Baba mdogo akaniambia, "Umesikia mwenyewe. Mlango mmoja tu umefungwa, na anayeushikilia ni mtu mmoja."

10 Septemba

Nimejaribu. Bibi kasema, "Aliyemzika aje."

11 Septemba

Nimejaribu tena. Kasema, "Aje."

12 Septemba

Baba mdogo kajaribu, na mchungaji kajaribu. Mchungaji mwenyewe kasema hatasoma ibada ya mazishi bila mwili, atawaombea wafiwa tu. Bibi kamkaribisha uji, kamsindikiza mpaka njiani, kamwambia, "Wafiwa ukiwaona, wasalimie."

Joto. Usingizi hakuna.

14 Septemba

Nimefanya jambo baya.

Kisimani leo nilikaa foleni mpaka jua likageuka. Maji yalikuwa tope. Nikarudi na ndoo ya mwisho, miguu imepasuka, na Bibi akatokea nyuma ya nyumba akaitazama akasema, "Haya machafu. Ya baba yako ungechota ya juu."

Sijui nini kilinipanda. Niliishika ile ndoo nikaimwaga palepale miguuni pake. Nikapiga kelele. Nilisema, "Amekufa! Bibi, amekufa! Na kama hajafa basi ametukimbia, ana mke mwingine huko, anaoga maji ya bomba! Wewe unamsubiri asiyekutaka, na mimi niliye hapa unaniua!"

Mama alikuja mbio akanipiga kofi, la kwanza tangu nimekuwa mkubwa. Bibi alisimama kwenye lile tope, khanga imelowa mpaka magotini. Aliinama akaokota ndoo, akaikung'uta, akaingia ndani nayo.

Jioni ile hapakuwekwa maji. Nilitoka mara tatu kwenda kutazama.

Mama aliniambia jikoni, bila kunitazama, "Mimi nilishamlilia zamani. Hapahapa, kwenye moshi, mtu asijue. Kwangu mazishi si kitu. Lakini ungeniambia mimi, ningeuza maksai."

"Mama, tusingeweza."

"Tungeweza kwa taabu," akasema. "Kuna watu wanaweza kwa taabu na wanafika."

15 Septemba

Sikwenda kanisani.

16 Septemba

Bibi kaita watu yeye mwenyewe. Kamtuma mtoto wa jirani kwa Baba mdogo, kwa Bwana Dionis, kwa wazee wa ukoo. Wote wakaja wakakaa kwenye mikeka, na Bibi akasema maneno machache tu: "Chimbeni. Ijumaa."

Mzee mmoja akauliza kama kuna habari imekuja.

"Hakuna habari. Lakini mtoto huyu anaondoka na yule harudi, na nguvu yangu ya kusubiri ni ya mmoja."

Akanitazama. Nilitaka kusema tuache, twende Dodoma. Naapa nilitaka. Maneno yalifika hapa shingoni, nikakumbuka fungu la karanga lililokwisha lote, nikayameza. Hakuna aliyenizuia kusema. Niandike hivyo hivyo ilivyokuwa.

20 Septemba

Tumemzika baba.

Hapakuwa na mwili, basi ukaletwa mzinga wake mmoja wa gome uliobaki chini ya kihenge, wenye alama yake ya misalaba miwili karibu na mlango wa nyuki. Urefu wake ni kama kiwiliwili cha mtu. Wakauvika shuka nyeupe, wakaufunga kamba kichwani na miguuni, na ulipokuwa umelazwa hivyo kwenye mkeka, hata mimi nilisahau ni mzinga. Watu walilia kweli. Mama alilia kwa sauti, hatimaye, na wanawake wakamshika. Baba mdogo aliongoza wimbo na sauti ikamkatika katikati. Nadhani alilia kweli naye, na sitaki kumsingizia mtu machozi.

Bibi hakulia. Walipotaka kuushusha akasema ngojeni, akaweka mikono chini ya ile shuka, akaunyanyua kidogo.

"Mwanangu ni mzito kuliko huyu," akasema, akawaachia.

Kisha akakaa kwenye kigoda akavua kitambaa, shangazi akamnyoa. Sikuwahi kujua kichwa cha Bibi ni kidogo vile.

Bwana Dionis alitoa rambirambi kama wengine. Wakati anaondoka akanipa bahasha yangu, akasema pole, binti yangu. Nikamshukuru. Barua ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

21 Septemba

Nimethibitisha Morogoro kwa simu, nimekaa kwenye mkeka wa msiba. Ujumbe umerudi mara moja: hongera.

30 Septemba

Mahakamani. Njoo wiki ijayo.

7 Oktoba

Njoo wiki ijayo. Joto hili si la kawaida, na mawingu yanakuja yanatazama yanaondoka.

Mchicha umekauka wote.

15 Oktoba

Cheti nimepata. Shamila kakituma hukohuko Morogoro mbele ya macho yangu, hakunitania hata kidogo. Yeye kachukua sheria Dar es Salaam, ana mkopo wa nusu, na Mzee Abasi kauza mashine moja ya kopi ili afidie. "Mimi ningekuwa na bahati yako," akaanza kusema, kisha akaangalia kile cheti akaacha. Mwezi wa nane nilimwambia asijali. Leo nilikikunja kile cheti nikakitia mfukoni.

19 Oktoba

Kumaliza matanga. Watu wamekula, wametawanyika, ukoo ukabaki. Nilidhani ni kuvunja mkeka tu.

Baba mdogo Eliya akasimama. Alikuwa na sauti ileile anayoombea mvua. Akasema sasa tuongelee mirathi ya marehemu.

Nilicheka kidogo, kwa kutoelewa. Mirathi gani? Lakini wazee hawakucheka. Shamba la bondeni, lile penye njia ya wapagazi, lenye udongo mweusi, lilikuwa la babu. Babu alimwachia baba. Mtu akiwa safarini, mali yake haiguswi, anasubiriwa. Mtu akishazikwa, mali hugawiwa. Na kwetu bonde linarudi kwa mwanamume aliyebaki wa nyumba ya babu, yaani Baba mdogo.

"Shemeji nyumba yake anabaki nayo," akasema. "Na kiwanja cha mihogo. Hakuna atakayemgusa. Mimi nina mtu wa tumbaku anataka kukodi lile bonde msimu huu, na nimetumia vingi kwa ajili ya mtoto huyu, kila mtu ni shahidi. Sijanung'unika."

Ni kweli hakunung'unika. Ni kweli kila mtu ni shahidi. Nauli, vifurushi, mchele wa matanga. Nilisimama, nikasema, "Baba mdogo, ulijua tangu siku ya karanga?"

Akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniua. "Levina, wewe ndiye mwenye hesabu. Nilidhani umeshapiga zote."

Nimewaomba wazee. Nimesema sheria ya leo inawatambua mjane na watoto. Mmoja akasema ni kweli, nendeni mahakamani, mkaanze kwa kueleza kwamba mlizika mzinga. Wakacheka kwa aibu, wakaomba maji ya kunawa.

Mama alikuwa anaosha masufuria. Alisikia yote. Akasema, "Tuna maksai wawili na hatuna pa kulima." Kisha akaendelea kuosha.

20 Oktoba

Sina la kuandika.

25 Oktoba

Mfuko umejibu. Wamenipa chote. Chote kabisa, kama walivyoahidi, na pole kwa msiba.

31 Oktoba

Mvua ya kwanza. Maksai wamesimama kwenye kamba wakinusa. Trekta la mtu wa tumbaku liko bondeni tangu asubuhi, tunalisikia tukiwa tumekaa. Miaka yote siku ya mvua ya kwanza tulikuwa huko sote, Bibi akiwa mbele na mbegu kwenye kibuyu.

Nimemwambia mama siendi. Kasema, "Nyamaza. Usipokwenda tutakuwa tumemuua bure."

3 Novemba

Nimeondoka leo. Naandika nikiwa kwenye treni.

Alfajiri nilikwenda kisimani. Kimejaa, unachota kwa kuinama tu. Nikateka mbili za mama, moja ya Bibi, halafu nikachukua ile ndoo ya nne iliyokuwa imefunikwa kichwa chini tangu Septemba, nikaijaza, nikaiweka nyuma ya nyumba mahali pake.

Bibi alikuwa ananitazama. Nywele zimeanza kuota, nyeupe, fupi.

"Ya nani?" akauliza.

Nikapiga magoti kwenye tope. "Yangu, Bibi. Mimi ndiye niliye safarini. Naomba uwe unaniwekea."

Ndani mama alikuwa anafunga begi langu. Bibi akaiinamisha ile ndoo polepole, bila hasira, maji yote yakaenda mahali palipokuwa na mchicha.

"Kuweka maji kulikuwa kwa watu wa zamani, walioweza kusubiri," akasema. "Sisi ukoo huu, mbele ya kijiji, tumesema anayekawia anazikwa. Ulikuwepo." Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama siku ile ya matokeo. "Kwa hiyo usikawie, mama yangu. Ukikawia, watakuja kuniuliza wachimbe lini."

Baba mdogo alinileta stesheni ya Tura kwa pikipiki, na mafuta hakudai.

9 Novemba

Morogoro. Chumba kina vitanda viwili, dirisha linatazama mlima, na bomba liko mlangoni. Maji yanatoka saa zote. Unafungua tu.

Mwenzangu anaitwa Advera, naye analipiwa na mfuko huohuo. Baba yake alikufa kwa ajali Advera akiwa bado mdogo, na alimwona kwenye jeneza. Ni mchangamfu, anaongea mpaka usingizini.

Jioni niliporudi kutoka kujiandikisha, nilijaza ndoo nikaiweka nje, nyuma ya mlango. Sikupanga, mikono ilifanya yenyewe. Advera akauliza, "Hayo maji ya nani?"

"Ya baba."

Akaacha kuchana nywele. "Si ulisema marehemu?"

Nikamwambia ndiyo, marehemu, tumemzika Septemba. Akanipa pole, akaja akanikumbatia. Ndoo nikaiacha palepale mpaka asubuhi.